Karavani ya watu watano, safari ya watu watatu

Leo sina video. Bando imeisha, na pia hasira niliyo nayo haiwezi kuingia kwa sekunde sitini, kwa hivyo leo utasoma tu.

Wenye mnanifuata mnajua stori ya mbogi yetu. Tuko watano. Kwa miezi ishirini kila mmoja ametoa elfu tatu, mwezi mzuri na mwezi mbaya, hadi tumefika laki tatu. Lengo lilikuwa moja tangu siku ya kwanza: trela la kuvutwa na pikapu. Abti wa mmoja wetu ana Hilux ya milango minne, ya zamani lakini injini bado inaongea vizuri, na alishasema tukileta trela yeye analeta gari. Hiyo tulikubaliana. Trela gani, hiyo hatukukubaliana, na hapo ndipo shetani alipata kiti.

Wiki jana mmoja wetu akatuma picha ya karavani. Nyeupe. Dirisha lenye pazia. Jiko la gesi la mashimo mawili, meza inayokunjwa ikawa kitanda, sinki ndogo kama ya mchezo. Muuzaji yuko Nairobi, anataka laki sita na nusu: tuweke laki tatu sasa, zilizobaki tulipe polepole. Ndani ya dakika kumi wawili walikuwa wameandika "hii ndio". Wa tatu akaweka moto. Mpango wao ni tuzunguke Wajir, Marsabit, Isiolo mpaka Lamu, tulale ndani, tupige video, na kontenti ijilipie deni yenyewe. Kura ni Ijumaa baada ya asri.

Mimi nasema hapana, na nasema hadharani kwa sababu kwenye kikundi naambiwa nina roho ya uzee. Wacha niwe mzee. Na kabla mtu aseme ni wivu: ile picha hata mimi niliihifadhi kwenye simu. Niliiangalia usiku kama mara nne.

Tuanze na barabara, kwa sababu barabara haijui urembo. Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita mia moja, kisha unashuka kidogo kusini ndio ufike kwetu Hagadera. Wakati wa kiangazi njia inajikunja kama bati la nyumba, na kila mkunjo unaupiga mguu wa gari kama nyundo. Kati ya mikunjo kuna mchanga ule mwekundu unaomeza tairi. Mvua ya Gu ama ya Deyr ikija, laga zinajaa na unaweza kukaa upande mmoja siku tatu ukiangalia upande wa pili. Novemba 2023 si tuliona wote? Barabara ya Nairobi ilikatika pale Madogo, na huku kambini watu walihama na magodoro vichwani.

Sasa leta hiyo karavani hapa. Karavani nyingi za Ulaya zimetengenezwa kwa ajili ya lami. Tairi ni ndogo, inchi kumi na tatu ama kumi na nne, na tumbo liko chini. Kuta ni bati jembamba la alumini juu ya fremu ya mbao, vitu vingi vimeshikwa na gundi na pini ndogo. Ukiipitisha kwenye mikunjo yetu kilomita mia moja, kabati zitajifungua zenyewe, sinki itahamia kitandani, na vumbi litaingia kwa mlango kabla yako. Na mlango wenyewe: karavani za Ulaya bara zina mlango upande wa kulia, kwa sababu wao huendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Maana yake ukisimama kando ya barabara, unashuka moja kwa moja mbele ya lori la mchanga. Ikiwa ni ya Marekani, umeme wake wa ndani ni wa volti 120, na hapa soketi ni 240. Chomeka uone.

Lakini hayo ni makosa ambayo fundi na pesa vinaweza kurekebisha. Uzito ndio utatuua.

Hapa sitaki hesabu za YouTube, nataka punda. Kila mtu wa Hagadera amewahi kuona mkokoteni wa punda uliopakiwa vibaya. Mzigo ukiwa nyuma sana, zile mbao mbili za mbele zinainuka na punda ananing'inia miguu ikipiga hewa, watoto wanacheka, mwenye mkokoteni anatukana. Mzigo ukiwa mbele sana, punda anakandamizwa mpaka magoti yanalegea. Mzigo ukikaa sawa, mbele kidogo ya ekseli, punda anatembea kama hana habari.

Pikapu ni huyo punda. Kanuni ambayo wavuta trela wengi wanaitumia ni kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela inafaa kulalia ule mpira wa chuma nyuma ya gari. Ikipungua sana kwa sababu umejaza vitu nyuma, trela linaanza kutingisha mkia, kushoto, kulia, kushoto, na ukiwa kwenye themanini unavutwa nalo. Dereva mgeni anakanyaga breki kwa nguvu, na hapo ndio linakunja. Dawa ni kuachilia mafuta taratibu na kushika usukani ukiwa umenyooka, lakini dawa kubwa zaidi ni kupakia vizuri kabla hujatoka nyumbani.

Halafu kuna uzito ambao hatuuhesabu kabisa. Ule unaolalia mpira ni mzigo wa pikapu pia. Fanya nami. Karavani ndogo ikiwa tupu inaweza kuwa na kilo 1,000. Ongeza maji, gesi, vyakula, nguo, betri na kamera, ni kilo 1,200 bila kujikaza. Sehemu ya kumi ni kilo 120 juu ya nyuma ya Hilux. Watu watano kwa kilo 65 ni 325. Mitungi kumi ya lita ishirini ni kilo 200, kwa sababu lita ya maji ni kilo moja na haina mjadala. Jeki, spea, turubai, mabegi, weka 100. Tumefika 745, na gari lenyewe ni la zamani, springi zake zimechoka tangu sisi tukiwa darasa la tano. Pikapu huwa na kibati kinachoonyesha uzito wa mwisho inaoruhusiwa, mara nyingi kwenye fremu ya mlango ama chini ya boneti. Nimewauliza mbogi nzima kama kuna aliyekisoma kile cha abti. Kimya. Tunataka kukopa laki tatu na nusu na hakuna aliyeinama kusoma kibati.

Na breki je? Ulaya trela likipita kilo 750 ni lazima liwe na breki zake lenyewe. Si kwamba wao wanapenda sheria kuliko sisi. Tani moja inayokusukuma mgongoni haitasimama kwa sababu wewe umesimama. Breki za karavani iliyokaa kwenye yadi miaka hakuna ajuaye zimeshikaje kutu. Muuzaji nilimpigia mwenyewe. Nikamuuliza beringi zimefunguliwa lini mara ya mwisho, akaniambia nikuje nione mapazia.

Sasa nije kwa hili jambo la kulala, maana ndilo karavani inauza. Kitanda. Niambieni, mtu wa huku anaenda Wajir akose pa kulala? Utashuka, utasema wewe ni mtoto wa nani, na kabla hujamaliza chai ishafika na mkeka umetandikwa. Ukikataa ulale kwenye kasha lako la bati pale nje, umemtusi mwenye nyumba. Na kulala porini kati ya hapa na Garissa, kwenye barabara ambayo magari ya mashirika hupita kwa msafara wa polisi, hiyo sitaijadili. Wenye mnajua mnajua.

Acha niwatoe kidogo kwa nyanya yangu. Ayeeyo alizaliwa kwa nyumba ya kuhama, aqal, na aliijenga na kuibomoa mwenyewe, kwa sababu aqal ni kazi ya wanawake tangu zamani. Nilimwonyesha picha ya karavani. Akaangalia vizuri, akauliza swali moja: "Inabebwa na nini, na yenyewe inabeba nini?" Nikamwambia inavutwa na gari na ndani inabeba watu wakilala. Akasema, "Basi mchana kutwa inabebwa bure."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Fikiria aqal. Zile fito zilizopindwa, na mikeka iliyosukwa kwa mkono. Usiku ni nyumba. Asubuhi mikeka inakuwa godoro la mgongo wa ngamia ili mzigo usimchubue, na fito zinafungwa pande mbili zikawa fremu ya kushikilia vyombo vya maziwa na maji, na mara nyingine mtoto mdogo ama mgonjwa anapandishwa juu. Hakuna kipande kinachosafiri bila kazi. Upande wa kushoto unalingana na wa kulia, ngamia akizidishiwa analalamika hapo hapo bado amepiga magoti, na unapunguza. Hilux haina huo wema. Hilux inanyamaza mpaka springi ikatike.

Na hizi nyumba za kambini, fito zilizopindwa na turubai juu, ni aqal ile ile, ila tu ngamia hayupo na hakuna ruhusa ya kuondoka.

Hapo ndipo nilikuwa naenda tangu mwanzo. Wawili kati yetu watano ni wakimbizi. Mmoja alizaliwa hapa hapa Hagadera, kambi ilikuwa tayari ina umri wa miaka kumi alipozaliwa. Tumesoma pamoja, ananishinda Kiswahili, ndiye anayehariri video zote mnazozipenda. Lakini hawezi kupanda gari aende Garissa kununua memori kadi bila pasi ya kusafiri. Pasi inaombwa, inasubiriwa, inatolewa kwa sababu fulani na kwa siku fulani. "Naenda kupiga video Lamu na marafiki" sijawahi kusikia imetajwa kama sababu.

Najua mtu ataniambia mambo yanabadilika. Ni kweli, sheria ya wakimbizi ya 2021 imeanza kutumika tangu Februari 2022 na ina maneno mazuri kuhusu kazi na biashara. Mpango wa Shirika ulizinduliwa Machi 2025, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya kawaida. Naombea yatimie. Hata sisi wa kipande tumeonja kidogo: huu mchujo wa ziada wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani, ni Februari 2025 tu ndipo Rais alitangaza pale Wajir kwamba umeisha. Mimi changu nilikisubiri hadi nikazoea aibu ya kusema "bado". Lakini trela tunanunua mwezi huu. Hatununui kwa sheria ya kesho. Kizuizini mtaulizwa kitambulisho siku hiyo mmefika, si siku Shirika itakapokamilika.

Kwa hivyo piga hesabu ya kweli. Wawili, elfu tatu, miezi ishirini. Ni shilingi 120,000. Pesa za jamaa wawili zinakwenda kununua kitanda ambacho hawatakilalia, kwenye safari ambayo hawatatoka nayo, kisha wabaki na deni la laki tatu na nusu la kulipa pamoja nasi. Hiyo tunaita mradi wa mbogi?

Na kinachoniuma zaidi: yule wa tatu, aliyeweka moto, ni yeye. Ni mmoja wa hao wawili. Nikampigia pembeni, nikamwambia walaal, wewe hii karavani itakusaidia nini? Akasema, "Si mtanitumia video niedit." Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Amezoea. Sisi ndio tunafaa tusizoee.

Sasa mtaniuliza, wewe unataka trela gani? Nataka lile baya. Trela la wazi la jua kali, ekseli moja, sakafu ya bati nzito, kuta za kukunja pande zote. Likiwa tupu lisizidi kilo 300, na mzigo ukiwa juu tusipite 1,000 kwa jumla, hata mteja akilia. Tairi na rimu ziwe sawasawa na za Hilux, bolti zilingane, ili spea moja iokoe gari na trela. Springi ziwe za majani, maana hizo fundi yeyote kutoka hapa hadi Modogashe anaweza kuziongeza jani moja. Beringi ziwe za kawaida zinazopatikana sokoni, na seti ya akiba ikae ndani ya gari pamoja na grisi. Breki ziwe zile za kusukumwa: gari likipunguza, trela linasukuma mbele, na huo msukumo wenyewe unabana breki. Mnyororo wa usalama, taa za nyuma zinazowaka, na namba yake lenyewe inayoanza na Z, kwa sababu hatutafuti kisingizio cha kusimamishwa. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi ya Hilux. Nimeona mtu amekichomelea kwenye bampa. Bampa ilienda na trela, gari likabaki.

Juu yake, mabomba manne yaliyopindwa ya kuchomeka na kuchomoa, na turubai. Ndiyo, nimeiba kwa ayeeyo. Mchana mabomba yanashika mzigo usimwagike, usiku yanageuka paa. Wanaotaka kulala nje na kupiga picha za nyota watalala.

Jumatatu hadi Alhamisi hilo trela linabeba magodoro, mbao, majani ya mifugo na mitungi, hapa hapa kati ya soko la Hagadera na vijiji vya Fafi. Kazi ya kupokea simu za wateja, kupanga zamu na kuandika hesabu inafanyika ndani ya kambi, na hao wawili wanaijua kuliko sisi. Wana mgao wao kila wiki bila kuomba pasi kwa mtu. Onyo moja tu, msiniletee wazo la tangi la lita elfu moja. Likijaa ni tani nzima kabla hujapima tangi, na likiwa nusu maji yanapiga kuta na kuliyumbisha trela kwenye kila kona. Mitungi iliyofungwa vizuri inatosha.

"Lakini halitapendeza kwa kamera." Hilo ndilo jibu nililopewa. Wasee, karavani nyeupe mbele ya machweo ziko milioni, na wenye nazo wana lami, drone na wadhamini. Trela la wazi lililojaa magodoro ya harusi likipita Hagadera, watoto wakikimbia nyuma, ayeeyo amekaa mbele akimkosoa dereva, hiyo nani mwingine anayo? Na mhariri wetu atakuwa ndani ya picha kwa mara ya kwanza.

Nimeongea na fundi mmoja Garissa. Kwa trela lote, na breki, na mabomba ya juu, anaingia ndani ya laki tatu na inabaki kidogo ya tairi ya akiba. Anataka malipo ya kwanza ya elfu themanini ndipo akate chuma. Nimemwambia asubiri hadi Jumamosi asubuhi.

Kura ni Ijumaa, chini ya mti ule ule. Wa mbogi mkisoma hii, njooni mmeshasoma kibati cha Hilux, mimi nitakuja na picha yake. Na wewe msomaji ambaye umewahi kuvuta trela kwenye mchanga wa huku, niambie tairi unapunguza upepo hadi wapi ukifika pale mchanga unapoanza, na kama unapunguza za trela pia ama za gari peke yake. Fundi na abti wamegombana juu ya hilo na mimi sijui nimwamini nani.